Handaki la Oklahoma halifai Kigamboni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo lililoigawa familia yangu kwa karibu mwaka mzima, na ambalo, kwa jinsi ninavyowasikia majirani wakiulizana tangu Kimbunga Hidaya kilipopita mwezi Mei 2024, si la familia yangu peke yake. Je, mwenye nyumba Dar es Salaam achimbe handaki la kujihifadhi na upepo?

Mjadala ulianzia mbali. Binti yangu na mumewe wanaishi Moore, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Walituma kwenye kundi la familia picha za sanduku la chuma walilokuwa wakifikiria kulizika chini ya sakafu ya banda la gari, lenye mfuniko wa kuteleza na ngazi fupi ya kushukia, ili wajifungie humo na watoto pindi tonado inapokuja. Waliniomba ushauri kwa sababu gharama ilikuwa kubwa na mkwe wangu aliona heri wasubiri. Kijana wangu wa hapa nyumbani, aliyekuwa akiyafuatilia mazungumzo hayo, akaamua kwamba kama dada yake anahitaji handaki, basi sisi tunaoisikia bahari tukiwa kitandani tunalihitaji zaidi. Nikajikuta natakiwa kuamua mambo mawili kwa mkupuo, na nikajibu ndiyo kwa Moore na hapana kwa Kigamboni. Kijana aliona nimempendelea dada yake.

Tonado inafanana kwa umbo na kisulisuli tunachokijua, kile kinachozungusha vumbi na makaratasi uwanjani, lakini yenyewe huzaliwa na wingu zito la radi na nguvu yake ni ya namna nyingine kabisa. Tonado iliyoipiga Moore tarehe 3 Mei 1999 ilipimwa kwa rada ikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Tarehe 20 Mei 2013 mji huohuo ulipigwa tena na watu 24 wakafa, saba kati yao wakiwa watoto waliokuwa katika shule ya msingi isiyokuwa na chumba cha kujihifadhi. Nyumba nyingi za huko ni za mbao, na tahadhari ya tonado huja dakika chache tu kabla, kwa kawaida kumi na kadhaa, muda usiotosha kuwakusanya watoto na kwenda popote. Mahali pa kukimbilia hapana budi pawe ndani ya ua wako mwenyewe.

Kwa hiyo nilimwambia mkwe wangu asisubiri, ila asinunue kwa kuvutiwa na rangi. Mwongozo wa shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa unataka chumba cha namna hiyo kihimili upepo wa takriban kilomita 400 kwa saa, na ukuta na mlango wake vipigwe kwa ubao wa karibu kilo saba unaorushwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa bila kutobolewa. Muuzaji asiyeweza kuonyesha kwamba mlango wake umepita jaribio hilo anauza kabati. Nilimkumbusha pia aliandikishe sanduku hilo kwa mamlaka ya mji, kwa maana nyumba ikiporomoka juu ya mfuniko, waokoaji lazima wajue pa kufukua.

Sasa nirudi kwetu. Kimbunga cha baharini huzaliwa mbali, hukua kwa siku kadhaa na huonekana kwa satelaiti muda wote huo. Hidaya ilipokuwa bado baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kututangazia, safari za boti za Unguja zikasitishwa, na hapa kwetu wavuvi walivuta vyombo vyao nchi kavu mapema. Sisemi kwamba hatari haipo. Unguja ilipigwa mwezi Aprili 1872 na mikarafuu ikalala chini, na Lindi ilipigwa Aprili 1952. Lakini Dar es Salaam ipo karibu nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauvisaidii sana vimbunga kujisokota, na ndiyo maana vingi huelekea Msumbiji na Madagaska, na vinavyosogea kwetu mara nyingi hudhoofika, kama kilivyofanya Kimbunga Jobo mwaka 2021. Anayepewa siku mbili za kujiandaa hana haja ya shimo la kukimbilia kwa dakika mbili.

Tena shimo lenyewe lingetuua. Wazee wenzangu wa Mwanza watakumbuka mahandaki tuliyochimba wakati wa Vita vya Kagera. Letu, nyuma ya shule, lilijaa maji mvua ya kwanza iliponyesha, na kuanzia hapo likawa la vyura. Hapo Kigamboni, nilipochimba shimo la choo, maji yalionekana kabla ya kufika mita tatu. Kimbunga kwetu huja na mvua, na mvua ya Hidaya ndiyo iliyoikata barabara ya kusini pale Somanga. Hata huko Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, siku kumi na moja tu baada ya msiba wa Moore, watu waliokimbilia kwenye mfereji wa maji ya mvua kwa kuikimbia tonado walisombwa na mafuriko wakafa. Fundi wa kwanza alitukadiria shilingi milioni kumi na moja kwa handaki la zege, bila kutaja pampu. Nilipomuuliza pampu itaendeshwa na nini umeme ukikatika, alicheka.

Fedha hizo tulizielekeza juu badala ya chini. Fundi wa pili, mzee mwenye maneno machache, alipanda darini na tochi akashuka na habari mbaya: kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zilishikiliwa kwa misumari tu kwenye mbao zilizolazwa juu ya ukuta, na mbao hizo hazikufungwa kwa nondo hata moja kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka ukuta. Kwa miaka kumi na minne paa langu lilikuwa limekaa kwa uzito wake. Upepo unapopita juu ya bati hulinyanyua, na ukiingia chini ya baraza hulisukuma kutoka ndani. Kasi yake ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Tulitoboa lenta, tukafunga kila kenchi kwa mkanda wa chuma na bolti, tukaongeza misumari ya bati pembeni mwa paa ambako kuezuliwa huanzia, na nguzo za baraza tukazikazia kwenye msingi. Gharama yote haikufika milioni mbili.

Kijana wangu naye hakutoka mikono mitupu. Bafu la katikati ya nyumba, lisilo na dirisha la nje, tulilimwagia zege juu, nasi tutaingia humo upepo ukitukuta usiku. Mama yake anasisitiza kwamba zege ile ni ya kuwekea tanki la maji, na tanki kweli limeshapimiwa nafasi, ingawa nimelikataza. Na tukitangaziwa kimbunga kikubwa cha kuinua bahari, tutafunga mlango na kwenda kwa mdogo wangu Pugu, kwenye vilima, siku moja kabla.

Kilichonisukuma kuandika, Mhariri, ni swali la yule fundi aliposhuka darini: nani aliikagua nyumba hii? Ilikaguliwa, na kibali ninacho. Mkaguzi aliangalia ramani, mipaka na msingi, akasaini. Hakuna aliyerudi siku ya kupaua, na jipsamu ilipowekwa hakuna tena aliyeweza kuona kitu. Naziomba halmashauri za jiji letu ziweke ukaguzi mmoja zaidi, wa nusu saa tu, baada ya kenchi kusimama na kabla ya dari kufungwa, ili mkaguzi ashike mkanda wa chuma kwa mkono wake na kuandika kwenye fomu kwamba upo. Wenye nyumba zilizokwisha kujengwa hawahitaji kusubiri halmashauri. Wamwite fundi, ngazi na tochi kabla ya mvua za masika, na mbao wakizikuta hazina nondo, fedha ya handaki iende huko.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam