Alinijibia na mimi nipo

Shangazi, ni saa tisa na nusu usiku. Mtoto amelala, mimi ndiye nakodolea dari macho.

Juzi tulikwenda kliniki ya wiki 6. Nesi akatoa ile karatasi ya maswali 10 ya kupima kama mzazi ana sonona, unajibu ulivyojisikia siku 7 zilizopita. La kwanza linauliza kama bado unaweza kucheka. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akadakia, "Huyu? Yuko sawa huyu, kudeka tu." Wakacheka, yeye na nesi. Nami nikacheka. Nesi akaweka sifuri, yaani sina tatizo.

Yaliyobaki nilijibu mwenyewe, lakini nilishajua jibu linalotakiwa. Najilaumu? Hapana. Hofu bila sababu? Hapana. Usingizi nikasingizia mtoto, na mtoto siku hizi analala hata saa 4 mfululizo. Ni mimi ninayemwekea kiganja puani nisikie kama anapumua. La mwisho, la kujidhuru, nilisema "kamwe" haraka kuliko yote. Jumla nikapata 2 kati ya 30, nesi akanipongeza kama niliyefaulu mtihani.

Ile "kamwe" si kweli, Shangazi. Sina nililopanga, usije ukashtuka. Ni mawazo tu, huja nikinyonyesha, yakaondoka.

Lakini kunijibia! Nimekaa pale pale, kifua kimelowa maziwa, ninajibiwa kama mtoto mdogo.

Si mtu mbaya. Nepi anafua, na usiku nikimwamsha anaamka. Ila simwamshi. Ujauzito mzima nilipimwa presha, damu, mkojo, hakuna aliyeniuliza kichwa kikoje, na kilishaanza kunisumbua tangu mimba ya miezi 7. Nikajiambia nitasema nikiulizwa. Siku ya kuulizwa ndiyo hiyo, kajibu mwingine.

Dada yangu ananiambia kulialia ni kawaida ya mzazi, kutapita. Najua. Kule kwa siku za kwanza hupita ndani ya wiki 2 hivi. Mimi naingia ya 7, na silii hata. Afadhali ningelia.

Mume wangu asijue nimekuandikia. Ingawa ukinijibu huenda nikaiacha simu mezani, wazi, aione. Sijui. "Kudeka tu." Miaka yote hii tuliyokaa pamoja, ameniona nikideka lini?

Pengine nakuza mambo. Wapo waliojifungua kwa shida kuliko mimi na hawasumbui watu. Nilichotaka kukuuliza ni hiki: mtu anaweza kurudi peke yake akaomba karatasi ile ile aijaze upya? Hawataniona mwongo? Na swali la 10 nikilijibu kwa ukweli, watanichukulia mwanangu? Hilo ndilo linanifunga mdomo, hata kama asingekuwepo yeye.

Nesi yule huwa zamu Jumatano. Jumatano mume wangu yuko kazini.