Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: tunaomba mtu wetu wa kuangalia geji kwenye visima vya gesi vya bahari kuu

Mheshimiwa Waziri, salaam. Mimi ni kijana wa Mtwara, niliwahi kupiga kibarua kwenye rigi ya nchi kavu, yaani mtambo wa kuchoronga visima, kazi yangu kupasua mifuko ya baraiti, ule unga wa mawe wa kuongeza uzito, na kumwaga kwenye tangi la matope, kwa hiyo haya siongei ya kijiweni.

Watu wanadhani kuchoronga ni nguvu ya mashine. Kumbe shughuli yote iko kwenye matope, yale yanayosukumwa chini ya kisima ili uzito wake ukandamize gesi isipande. Kila baada ya muda jamaa anachota kikombe anapima kwenye kimizani, yakiwa mepesi gesi inapanda, yakiwa mazito mwamba unapasuka na matope yanapotelea chini. Usiku mmoja tangi likaanza kushuka, tukahamia mifuko ya makapi ya kuziba nyufa, tukamwaga mpaka mikono ikafa ganzi. Na hicho kisima cha nchi kavu tu!

Sasa vitalu vyetu vya gesi vya bahari kuu, maji peke yake kuna sehemu yanafika kama mita 2,500 kabla hujagusa udongo, sakafu ya bahari baridi kama friji afu mwamba wa chini wa moto, matope yaleyale yapite kote huko, na ile nafasi kati ya mepesi mno na mazito mno inazidi kubana.

Mheshimiwa unakumbuka Macondo, kile kisima cha mafuta kilicholipuka Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010. Maji pale mita 1,500 hivi. Walikuwa wanapima kama kisima kimeziba, geji ya presha ya bomba la kuchorongea ikasoma paundi 1,400 kwa inchi ya mraba badala ya sifuri, yaani kisima hakijaziba, wakajitafutia maelezo wakaendelea na kazi. Watu 11 wakafa, mafuta yakamwagika siku 87. Hata zile vali za dharura mdomoni mwa kisima, za kukata bomba na kuziba, zilishindwa kuziba, bomba lilikuwa limepinda.

Ombi langu ni moja. Kisima kikichorongwa huko bahari kuu awepo mkaguzi Mtanzania anayejua kuisoma hiyo geji, mchana na usiku, alipwe na serikali sio na mwenye kazi, maana rigi zile zinakodiwa kwa siku, hela ndefu, kila mtu pale ana haraka, na akisema simamisheni basi isimame, sio mpaka zipigwe simu Dodoma.

Vijana wa kusomeshwa wapo. Mimi viatu vyangu vya chuma bado ninavyo.