Heri ya Bathukamma, mama zangu wa Telangana

Shikamooni mama zangu, hamjambo dada zangu. Usiku huu ni wa giza la mwezi, na najua kesho simu zenu zitajaa picha za maua. Bathukamma, sikukuu ya maua ya jimbo la Telangana huko India, imeanza: siku 9, hadi Saddula Bathukamma, siku yake ya mwisho, sikukuu ya Dasara ikiwa mlangoni.

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Hyderabad, baba mwenye nyumba alitoka alfajiri akarudi na gunia la maua mabichi. Tangedu ya njano, na gunugu yenye vishungi vyeupe. Gunugu ni gugu la kando ya mashamba, halipandwi na mtu. Hilo ndilo linalonigusa mpaka leo: Mungu mke Gauri hapambwi kwa maua ya dukani tu, anapambwa na yale yaliyoota yenyewe baada ya mvua za msimu kuyanywesha. Tukachovya vishungi kwenye rangi, tukayapanga duara juu ya duara kwenye sinia, yakipungua kadiri yanavyopanda, mpaka yakawa kichuguu. Kileleni mama mwenye nyumba akaweka Gauramma, mfano wa Gauri: kibonge cha manjano kilichofinyangwa kwa vidole, kidogo kuliko ndimu.

Jioni tukaweka masinia katikati, tukazunguka tukiinama na kupiga makofi. Mmoja anaanzisha, wengine tunaitikia "uyyalo". Sikuyajua maneno, lakini uyyalo niliweza.

Mwaka huo mama yangu mzazi alikuwa anaumwa Tanga, nami sina nauli ya kurudi. Nikamwuliza mama mwenye nyumba jina la sikukuu lina maana gani. Akasema "bathuku" ni kuishi, "amma" ni mama. Kisha akanishika mkono tukashuka bwawani. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni. Tuliposukuma masinia, maua yakaelea na kuachana taratibu, njano huku, nyeupe kule. Wanawake wakapakana manjano ya Gauramma, naye akanipaka mashavuni, kama sisi tunavyompaka bi harusi. Tukala maleeda, mkate uliopondwa na sukari guru, tukiwa tumekaa ukingoni.

Mama alipona. Nilimsimulia yote, na kila mwaka huniuliza kama maua yamekwishaanza.

Kwa hiyo salamu hizi ni zake pia. Mabwawa yenu yajae, amma, na gunugu iote tele. Sisi huku tunaingoja vuli.