Swahiba, usilipasue gogo lile

Florence, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na wote hapo nyumbani nawasalimu, hasa Bi Mkubwa. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu, zamu za kazi zimenibana. Lakini ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Eti umelikata bega la sanamu yako kupita kiasi, sasa unataka kulipasua gogo la mpingo liwe kuni? Ngoja kwanza.

Leo nilipumzika, nikaenda Accademia, jumba la sanaa la hapa. Watu wanakimbilia kwa Daudi, ile sanamu ya mchongaji Michelangelo ya mita 5 na ushei. Mimi nikakwama njiani, mbele ya wafungwa wanne wa mawe ambao Michelangelo aliwaanza kwa ajili ya kaburi la Papa Julius II asiwamalize. Mmoja wanamwita Atlante. Mwili umeanza kutoka, kichwa bado kimo ndani ya jiwe. Alama za tindo zimebaki wazi kama matuta ya shamba lililolimwa jana. Nikakukumbuka wewe na tezo yako.

Ujanani Michelangelo aliishi nyumbani kwa Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, wakati Marsilio Ficino, aliyemfasiri mwanafalsafa Plato kwa Kilatini, alikuwa mtu wa nyumba ile. Ficino na wenzake waliamini roho imefungwa mwilini na inatamani kurudi ilikotoka. Sasa mtazame Atlante... Baadaye Michelangelo aliandika katika shairi kwamba hata msanii bora hana wazo ambalo jiwe halijalibeba tayari, na ni mkono unaotii akili tu ndio unaolifikia. Si ndivyo Fundi alivyokuwa akituambia, tusiulazimishe mpingo?

Wapo wanaosema wafungwa wale waliachwa kwa sababu mkataba ulipunguzwa kila mara. Kweli ulipunguzwa: kaburi liliagizwa 1505, likakamilika 1545. Ila mimi niliona watu wanaohangaika kutoka, miguu ikagoma kuondoka.

Narudi kwenye bega lako. Iko sanamu nyingine ya Michelangelo huko Milano, Pietà, yaani Mariamu na maiti ya Yesu, aliyokuwa akiichonga siku chache kabla ya kufa, Februari 1564, akiwa na miaka 88. Alikuwa ameshaichonga, akaivunja, akamtafuta Yesu mpya ndani ya mwili wa Mariamu. Mkono wa Yesu yule wa kwanza bado umesimama pembeni, hauna mwenyewe. Mzee yule hakulitupa jiwe! Nikipata nauli nitakwenda kuuona kwa macho yangu, nikupigie picha.

Bega limekatwa upande gani? Ndani yake umebaki unene kiasi gani? Umemwonyesha Fundi, au unamwonea haya? Na yule mteja wa awali, bado analitaka? Nitumie picha kabla hujashika shoka, tafadhali. Hata usiku wa manane nitajibu.

Wako wa siku zote