Kwa nini tunaupima uso wa mwanao zaidi ya mara moja

Wazazi wengi wanaofika kwetu na barua ya daktari huuliza: taya la mtoto wangu limepungua kwa kiasi gani? Milimita tunaweza kuzitaja, lakini peke yake hazisemi mengi. Taya lililo fupi kwa mtoto wa miaka 9 linaweza kuwa la kawaida kabisa kwa mwenye miaka 5. Ndiyo maana kila kipimo tunakilinganisha na cha watoto wa umri na jinsia ileile, kisha na vya mtoto mwenyewe vya awali.

Sindromu, yaani hali za kuzaliwa nazo zinazoathiri mifupa ya uso na fuvu, nazo hazifanani. Treacher Collins humpata takriban mtoto 1 kati ya 50,000 wanaozaliwa, mara nyingi kwa sababu ya badiliko katika jeni ya TCOF1. Hapo mifupa ya mashavu na taya la chini hubaki midogo. Tunapima taya kuanzia kiungo chake karibu na sikio hadi kidevuni, pamoja na njia ya hewa nyuma ya ulimi, kwani taya likiwa fupi ulimi hurudi nyuma na mtoto hupumua kwa shida, hasa akilala. (Vipimo hivi havisemi lolote kuhusu akili yake. Tunalirudia hili kwa kila familia.)

Katika sindromu za Crouzon na Apert, zinazohusiana na jeni ya FGFR2, maungio ya fuvu hufunga mapema na sehemu ya kati ya uso haisogei mbele inavyopaswa. Eksirei ya kichwa inayopigwa kutoka upande, iliyoanza kutumika kwa vipimo hivi mwaka 1931, hutupa pembe iitwayo SNA, inayoonyesha taya la juu limesogea mbele kiasi gani kulingana na msingi wa fuvu, na ambayo kwa kawaida huwa karibu nyuzi 82. Kwa watoto hawa hatuitegemei peke yake, maana msingi wa fuvu inapoanzia pembe hiyo nao umeathirika.

Picha ya CT (eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta) huonyesha mfupa vizuri zaidi, ila ina mionzi, na mtoto hudhurika nayo kwa urahisi kuliko mtu mzima. Tunaipiga pale tu jibu lake litakapobadilisha matibabu, kama vile kupanga upasuaji. Katikati ya hapo tunatumia kamera za pande tatu: hazina mionzi, ingawa huona ngozi tu.

Kwa hiyo mzazi, njoo na picha zote za zamani, hata zilizopigwa kwingine. Omba faili lenyewe la DICOM (picha ya kidijitali kama ilivyotoka kwenye mashine), si karatasi iliyochapishwa, kwa sababu kwenye faili tunaweza kupima upya bila kumpiga mtoto picha nyingine.