Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sekunde 45 za Mwenzako

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Asanteni kwa kufika hapa Nakuru kwenye mkutano wa chama chetu cha kulenga shabaha kwa bunduki, hasa nyinyi wa Kericho, Eldoret na Kisumu mlioondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Mambo ya kawaida nitayapitia haraka, maana mhazini atasoma hesabu za fedha na katibu ataeleza habari za wanachama wapya. Mimi nina jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu Agosti.

Masika yalijaza maji hadi magotini kwenye shimo la shabaha, wanamokaa wanaoshusha na kupandisha shabaha. Fremu mbili zilioza miguu, tukazibadilisha, na tuta la nyuma limeongezwa udongo. Mliochota maji kwa ndoo Jumamosi tatu mfululizo, chama kinawashukuru. Kuhusu vyeti vya silaha: Sura ya 114 ya sheria zetu haina mzee wala kijana. Katibu hataliandika jina la mtu kwenye zamu ikiwa cheti chake kimepitwa na tarehe, hata kama mtu huyo ni mimi.

Sasa jambo lenyewe.

Mwaka huu mashindano yetu yote tumeyafanya kwa kulenga wawili wawili kwenye shabaha moja, kama wanavyofanya kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley kule Uingereza. Wageni kwa mchezo huu wameniuliza mara nyingi kwa nini watu wawili walale kwenye mikeka miwili huku wakigombea shabaha moja. Hawaigombei, wanapokezana. Wa kulia huanza. Akifyatua, watu wa shimoni huishusha shabaha, huchomeka kisahani kwenye tundu la risasi, huweka alama ya pointi pembeni, kisha huipandisha. Wa kushoto hutazama kwa darubini, hutangaza kwa sauti, huandika kwenye kadi ya mwenzake, ndipo naye hulenga. Shabaha ikishuka na kupanda tena, wa kulia ndiye mwandishi. Kwa hiyo kila mmoja ni mpinzani na pia karani wa mpinzani wake.

Saa huanza kuhesabu pale shabaha inapopanda ikiwa na alama ya risasi iliyotangulia. Kuanzia hapo una sekunde 45. Ndani ya hizo 45 unatazama, unatangaza, unaandika, unaiweka penseli chini, unarudisha shavu kwenye kitako cha bunduki, unasoma upepo, unafyatua. Wengi wetu tulidhani muda ni mwingi mno hadi tulipolala kwenye mkeka.

Niwaeleze yaliyonipata mimi. Ilikuwa yadi 600, alasiri, na mgeni aliyekuja kushindana nasi. Nililala kulia. Mnaujua upepo wetu wa alasiri: asubuhi bendera zimelala kama nguo kwenye kamba, ikifika saa nane zinainuka, zinaanguka, zinainuka tena bila mpango. Nikaamua nitangoja. Kila zamu yangu nilishikilia bunduki begani hadi bendera ya katikati ianguke. Mara nyingine ilianguka sekunde ya 20, mara nyingine ya 43. Sikuvuka 45 hata mara moja. Msimamizi wa renji hakuwa na neno la kuniambia, na hakuniambia.

Mwenzangu alianza vizuri, buli juu ya buli, yaani katikati ya shabaha, pointi tano kila mara. Alikuwa mtu wa mwendo wa haraka: anatangaza, anaandika, anapumua mara mbili, anafyatua. Risasi yangu ilikuwa darubini yake ya pili. Kisahani changu kikisogea kulia, yeye anajua upepo umeongezeka, anageuza kitasa cha kilengeo kabla ya kulenga. Lakini nilipoanza kungoja, aliyoyasoma kwenye kisahani changu cha zamu iliyopita yalikuwa yamekwisha kuchacha, na mkanda wa bunduki ulikuwa unamkaba mkono huku akinisubiri. Risasi yake ya saba ikawa nne. Ya nane, nne. Ya tisa, tatu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Tano zake za mwanzo niliziandika kwa penseli yangu, na kuanguka kwake pia nikakuandika kwa penseli ile ile.

Nilishinda. Alinipa mkono akasema, "Asante kwa mchezo, Mwenyekiti," akaanza kukunja mkeka wake. Usiku nilipokuwa napanga kadi za siku, yake ilinijia mkononi, nikaona mwandiko wangu ukishuka kutoka tano hadi tatu. Nimempigia simu kumwomba radhi. Alipokea kwa moyo mweupe, lakini ninyi pia mnastahili kuyasikia kutoka kinywani mwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha wengi wenu hesabu ya sekunde na nikasahau kuwafundisha sekunde hizo zimewekwa kwa nini.

Zimewekwa ili mtu asitawaliwe na upepo wa mwenzake, na mwenzake asitawaliwe na subira ya mtu. Zikitumika kama kichaka cha kujifichia kila zamu, kusudi lake limevunjwa ingawa kanuni imefuatwa.

Kuna wanachama, na ninawaheshimu, wanaosema tuachane na kulenga wawili wawili, tufuate mtindo wa Marekani ambako katika ulengaji wa polepole mtu hupewa risasi 20 na dakika 20, shabaha ni yake peke yake, akitaka angoje, akitaka amimine haraka upepo ukitulia. Huo nao ni mchezo wa akili. Lakini unampa nafasi mlengaji kuchagua upepo wake. Wa kwetu unamlazimisha kuusoma upepo uliopo. Kwa yadi 600 dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, ni takriban inchi 6, na risasi inafika huko chini ya sekunde moja, kwa hiyo aliyekosea kusoma anajulikana papo hapo. Mimi napenda kupimwa hivyo. Tena sisi wa Nakuru tuko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na upepo huisukuma risasi kidogo kuliko kule chini. Mwanachama wetu akienda kushindana Mombasa na vipimo vya hapa atashangazwa. Desturi ya kusoma upepo uliopo, badala ya kungoja anaoupenda, ndiyo itakayomfaa huko.

Halafu kuna hesabu ambayo haihitaji falsafa. Risasi mbili za kupimia, zile za mwanzo zisizohesabiwa pointi, na 10 za pointi ni 12 kwa kila mtu, 24 kwa wawili. Kila mmoja akitumia sekunde zote 45, ni dakika 18 za kungoja tu, kabla hujahesabu kazi ya shimoni. Wakitumia sekunde 30, ni dakika 12. Zidisha hizo dakika sita kwa zamu zote za siku, utaona kwa nini zamu ya mwisho mwaka huu ililenga mara tatu ndani ya mvua. Na zamu ya mwisho huwa ni ya nani? Ya wanachama wapya, na ya vijana waliotoka kututumikia shimoni tangu asubuhi. Hilo limeniuma kuliko kadi yangu.

Kamati imekubaliana haya kwa mwaka ujao. Atakayevuka sekunde 45 ataonywa mara moja, mara ya pili risasi hiyo itaandikwa sufuri. Hakuna kufunga bolti ya bunduki kabla pointi za mwenzako hazijatangazwa na yeye mwenyewe kuitikia. Anayetaka kugeuza risasi zake za kupimia ziwe za pointi aseme kwa sauti kabla hajafyatua risasi ya tatu: aweza kugeuza zote mbili, au ile ya pili peke yake, lakini hawezi kuchukua ya kwanza akaiacha ya pili. Anayepinga pointi alizopewa na shimo aseme kabla mwenzake hajafyatua, na mwenzake ampe nafasi ya kusema. Aliyelenga shabaha ya jirani kwa makosa, na hutokea hata kwa mkongwe jua likiwa machoni, akiri mara moja. Tuliwahi kupoteza dakika kumi nzima Juni, watu wanne wakitazamana, kwa sababu mmoja alinyamaza.

Mengine hayawezi kuwekwa kwenye kanuni, na naomba myabebe tu. Usikunje mkeka wako mwenzako akiwa bado na risasi mbili. Aliyegeuza risasi zake atamaliza mapema. Abaki amelala, aandike kadi ya mwenzake hadi mwisho, kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo alipokuwa bado anashindana. Usipige simu nyuma ya mstari. Wa kushoto, maganda ya risasi zako huruka kulia yakiwa ya moto. Sogeza mkeka, au muulize mwenzako kama yanamfikia. Na usimwambie neno lolote kuhusu upepo, zuri wala baya, asipokuuliza.

Kutangaza pointi nako tukupe heshima yake. Mwezi wa Oktoba nilikaa nyuma ya binti mmoja, mwanachama wa mwaka huu, akiandika kadi ya mzee ambaye masikio yake si kama zamani na juu yake amevaa vizibo. Kila shabaha ilipopanda aliinua kichwa kidogo, akamgeukia, akasema polepole: "Mzee, ya nne ya pointi, buli, tano." Akangoja. Mzee akainua kidole gumba. Ndipo akaandika, akalaza penseli kwenye ukingo wa mkeka isibiringike, akashusha shavu. Nilimpima kwa saa yangu bila yeye kujua. Hakuna zamu aliyofika sekunde 35. Ya nane ilipopanda na kisahani kikiwa pembeni, hakuharakisha kutangaza wala hakuvuta sauti. "Mzee, ya nane, nne." Kidole gumba.

Orodha ya jozi za shindano la kwanza la Januari itabandikwa ubaoni wiki mbili kabla. Nimemwomba katibu aanze kuwachanganya wakongwe na wapya, na jina langu aliweke kwenye zamu ya mwisho. Kila mtu aje na penseli mbili zilizochongwa, kwa sababu kalamu za wino zilitugomea kwenye kadi zilizolowa, na saa yenye mshale wa sekunde au simu iliyozimwa sauti. Watakaojitolea kupima muda nyuma ya mstari waandike majina kwa katibu leo kabla ya chai.

Mhazini, karibu.