Vyeti vitafutwe kabla ya mahafali

Mhariri,

Nina steshenari hapa Njombe. Kila dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, nawapokea vijana waliomaliza kidato cha sita. Wengi wamefaulu, kinachowakwamisha ni karatasi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi alete cha kifo, nacho kihakikiwe. Binti mmoja alikuja na alama nzuri za sayansi, lakini baba yake alizikwa kijijini na kifo hakikuandikishwa popote. Alilia pale pale kaunta. Kijana mwingine cheti cha kuzaliwa kinasema Yosefu, cha kidato cha nne Joseph. Ikabidi atafute wakili wa kumwapisha, na fedha hiyo si ndogo kwa mtoto wa mkulima wa viazi.

Walimu wetu, nawaomba sana: keki na sare za mahafali visubiri. Tangu kidato cha tano, kila mwanafunzi akaguliwe majina na vyeti vyake. Aliyetimiza miaka 18 ajiandikishe NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa, wakati wa likizo. Wazazi nao waitiwe kikao cha jambo hili peke yake, si dakika chache mwishoni mwa kikao cha michango.

Mama wa steshenari,
Njombe